DSLR yangu mpya imeshindwa na kamera ya mfukoni?

SWALI: Salaam aleikum dada. Kwa miaka mitano nimepiga picha za harusi za nyumbani kwa kamera ndogo ya mfukoni. Mwezi uliopita nikanunua DSLR, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, Canon 1300D iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55 mm. Juzi nilikwenda nayo kwenye kupamba kwa binamu yangu, ukumbini Tudor, Mombasa. Fleshi niliizima kwa sababu huupausha uso. Picha nyingi zimetikisika, na zilizotulia, bibi harusi yuko sawa lakini dada zake waliosimama nyuma yake ni ukungu mtupu. Tena haivuti mbali kama ile ndogo. Nimeuziwa mbovu? Nakutumia picha moja uitazame.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kamera ni nzima. Picha yako inajieleza yenyewe: 55 mm (lenzi imevutwa hadi mwisho), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikikua, tundu linapungua), shata 1/13 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia), ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Maana yake ulisimama mbali ukavuta, kama ulivyozoea na ile ndogo, na hapo ndipo mambo yote mawili yalipoharibika.

Tazama mdomo wa lenzi yako, utaona pameandikwa 1:3.5-5.6. Ukiwa 18 mm, tundu linafunguka hadi f/3.5. Ukivuta hadi 55 linabaki f/5.6, na mwanga unaoingia hushuka mara mbili na nusu hivi. Kwa taa za ukumbi kamera haikuwa na hila nyingine ila kuiacha shata wazi muda mrefu, na kwa 1/13 bibi harusi akigeuza shingo tu, picha imekwenda. Kwa watu waliokaa usishuke chini ya 1/60; wakianza kucheza, anza na 1/125. Kama lenzi yako ina herufi IS, hiyo inatuliza mikono yako wewe. Kiuno cha mchezaji haikitulizi!

Sasa wale dada. Kihisi, kile kibapa cha ndani kinachopokea picha, cha kamera ya mfukoni ya kawaida kina upana wa milimita 6 hivi; chako kina 22. Kwa kihisi kidogo lenzi nayo huwa fupi sana, kwa hiyo karibu kila kitu hutoka wazi, upende usipende. Kwa kamera yako, 55 mm na f/5.6 ukiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi, eneo linalotoka wazi, mbele na nyuma yake, ni sentimita 28 kwa jumla. Ni shibiri moja na ushei. Dada aliyesimama hatua moja nyuma ya kiti keshatoka humo. Ukungu huohuo ndio watu wanaoununulia DSLR, ila wanautaka kwenye mapazia, si kwenye nyuso za mashemeji.

Kwa hiyo usivute, sogea. Rudisha lenzi 18 mm, simama mita mbili, na eneo lililo wazi linakuwa karibu mita mbili nzima. Upana wa picha utakuwa kama mita mbili na nusu, wanawake watano wanaenea. Zungusha kidude cha juu hadi Tv (wewe unachagua shata, kamera inachagua tundu), weka 1/60, ISO 3200. Picha itakuwa na chenga kidogo, vijidoa kama mchanga, na hakuna bi harusi aliyewahi kunilalamikia chenga. Kufumba macho ndiko kunakoleta simu usiku. Angalia tu usimweke mtu pembeni kabisa mwa picha, maana 18 mm humnenepesha, na huyo hatakusamehe.

Baadaye ukipata fedha, nunua 50 mm ya f/1.8 kabla ya fleshi ya nje na kabla ya lenzi ya kuvuta. Inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, kwa hiyo ile 1/13 yako ingekuwa 1/125 kwa ISO ileile. Lakini kwa tundu hilo, umbali ule wa mita mbili, shibiri yako inapungua hadi sentimita 11. Ni ya uso wa mtu mmoja, hina, mikufu. Usithubutu kuipigia kundi tundu likiwa wazi hivyo.

Kuhusu kuvuta: "12x" inayoandikwa kwenye kamera ndogo ni uwiano tu wa mwisho wa lenzi na mwanzo wake. Yako ni 55 kwa 18, yaani mara tatu. Ukitaka mbali zaidi kuna 55-250, nzuri kwa mashua pale Ngome ya Yesu mchana, ukumbini usiku haifai kitu.

Na joto letu hili: ukitoka ukumbi wenye AC, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kupiga nje, la sivyo kioo kinatoa jasho. Usiifungie kabatini miezi, lenzi huota kuvu.

Kabla ya harusi ijayo, washa taa moja sebuleni usiku. Mkalishe mdogo wako kitini, mwingine asimame hatua moja nyuma. Piga kwa 55 mm, kisha 18, bila fleshi, halafu uzikuze zote mbili kwenye kioo cha kamera uangalie uso wa yule wa nyuma.