Kuba lililopasuliwa kwa vioo linasimamaje?

SWALI: Assalamu alaykum, mhandisi. Mimi ni fundi ujenzi, niko Tanga. Mpwa wangu anayeishi Ujerumani alituma picha za msikiti wa Waturuki wa Cologne, na kamati yetu ya msikiti imeupenda mno. Kuba lake limepasuliwa vipandevipande na katikati kuna vioo. Nimeshamwaga makuba mawili matatu ya zege, yote mazima, na najua mkanda wa chini, ile pete ya zege yenye nondo inayozunguka kitako cha kuba, ndio unaoyashika. Hili lililokatwa linasimama vipi? Na letu la upana wa mita 8, tunaweza kulikata?

JIBU: Waalaykumu salaam, fundi. Mkanda ulioutaja ndio kiini chenyewe.

Kata chungwa nusu, toa nyama, fudikiza ganda mezani, kisha likandamize kwa kiganja. Ukingo wa chini utatanuka. Kuba la nusu duara hujifanyia hivyo kwa uzito wake lenyewe. Kutoka kileleni hadi kama nyuzi 52 za pembe, ukipimia kwenye kitovu cha duara, zege linabanwa pande zote. Chini ya hapo linavutwa kwa kuzunguka, na nyufa zikija zitakuwa za wima. Jiwe na tofali haviwezi mvuto huo, kwa hiyo mafundi wa zamani waliyaegemeza makuba kutoka nje yasitanuke. Msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul, alioukamilisha Sinan, mbunifu mkuu wa dola ya Waosmani, mwaka 1557, una nusu-makuba mawili yanayoegemea kuba kubwa, na nguzo nne nene ajabu. Kule kwenye msikiti wa Selimiye, mjini Edirne, aliugawa uzito wa kuba la upana wa mita 31 hivi juu ya nguzo nane. Yale makuba ya Kiosmani yanayoshuka ngazi kwa ngazi, ambayo watu huyaona pambo, ndiyo njia ambayo msukumo unapita kwenda ardhini. (Wazee wetu wa Kilwa Kisiwani walikwepa shida nzima: Msikiti Mkuu waliuezeka kwa makuba madogomadogo ya mawe ya matumbawe, kila moja na msukumo wake mdogo.)

Cologne wamefanya jambo jingine kabisa. Ukiniuliza mimi, lile tunaliita kuba kwa mazoea tu. Mbunifu wake, Paul Böhm, amesimamisha kuta za zege zilizopinda, zikazunguka jumba la swala kama viganja vya mwomba dua, hadi mita 36 hivi juu. Minara miwili inafika 55. Ukishaikata duara, mkanda haupo tena. Kila kipande kinabaki kuwa ukuta uliopinda, kinataka kulala, na kinachokizuia ni unene, nondo za pande zote mbili na msingi uliokishika barabara. Kioo hakibebi zege hata kidogo. Wala si ajabu kazi hiyo kutoka katika familia hiyo: baba yake, Gottfried Böhm, ndiye aliyebuni kanisa la Neviges, hukohuko Ujerumani, mlima mtupu wa zege.

Sasa letu la mita 8. Mkanda msiuguse. Mkitaka mwanga, inueni kuba juu ya shingo yenye madirisha: mkanda mmoja chini ya madirisha, mwingine juu yake, na vinguzo vya zege katikati. Sinan naye alipanga madirisha yake chini ya kuba namna hiyo. Kileleni pia panatoboka kwa usalama, kwa kuwa pale zege linabanwa, mradi tundu lizungushiwe pete ya zege. Ila jua la Tanga linapita utosini, si kama la Cologne wanakolitafuta kwa taabu miezi ya baridi. Swala ya adhuhuri chini ya kioo hicho mtaijutia.

Vioo navyo vina yake. Fremu ya alumini ya mita 10, joto likibadilika nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 10. Zege la urefu huohuo, kama 4. Ukizibana kwa saruji, mvua ya masika itakuonyesha pa kupitia. Acha nafasi, jaza kwa silikoni. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, zege la kufunika nondo mimi sishuki chini ya milimita 50.

Kamati wakishikilia mipasuko hadi chini, waambie waanze kwa kumlipa mhandisi wa miundo awachoree, kabla hamjanunua ubao hata mmoja. Gharama ya boksi (mbao za kumwagia zege) la kuta zilizopinda pekee huenda ikamaliza mjadala.