Swali: Kupandishiana bei na ndugu wa msikiti mmoja kwenye mnada wa intaneti, inafaa?

SWALI: Asalam aleykum sheikh wetu. Miye niko hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, natengenezaka simu, lakini kitu moyo wangu unapenda ni tembre (stempu) za zamani na feza za chuma (sarafu) za Katanga ya wakati wa Tshombe, ile alijitenga na Congo. Tuko watu tano tuko na grupu ya WhatsApp, tunanunuaka kwenye minada ya intaneti, sanasana Delcampe ile ya Wabelji, kiisha ndugu zetu wa Bruxelles ndo wanapokea na kututumia na mtu anayesafiri. Mwezi uliopita ilitoka bahasha ya 1960, tembre za maua za Congo Belge zenye walipiga juu neno KATANGA, na muhuri wa Elisabethville, ndo jina la zamani la Lubumbashi. Nikaanza dola 15. Kuna mtu ananipanda, nami nampanda, mpaka yeye akafika 95, nikajua hapa siwezi tena, makuta sina. Kumbe ni yaya (mkubwa wangu kiumri) mmoja wa grupu yetu, tunaswalia msikiti mmoja, nilimjua maana saa ileile aliandika kwenye grupu ati leo kuna mtu anamsumbua kwenye bahasha. Nilikasirika sana, miye ndo nilimuonyesha hiyo kitu! Nikabonyeza tena mara mbili, akaichukua kwa 140. Sasa hatusalimiani. Wenzetu wanasema dawa ni kupanga zamu, kitu ikitoka mmoja tu anapandisha, wengine wananyamaza. Sheikh, kushindana na muislamu mwenzako vile ni haram? Na hiyo zamu? Na ile franka 5 ya dhahabu ya 1961, naitamani sana, unasemaje?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara tatu, kuna mahali umepita haraka kama mtu anaruka tope la barabara, nitakurudisha hapo, lakini kwanza nijibu lile uliloliuliza.

Mnada wenyewe ni halali. Kuna ile hadithi ya Anas, mtu wa Ansari alikuja kuomba, Mtume s.a.w. akamuuliza nyumbani kwako hakuna kitu? akasema kuna tandiko na kikombe, akaambiwa vilete, Mtume akavishika mkononi akauliza nani atanunua hivi, mmoja akasema mimi kwa dirham moja, akauliza tena nani atazidisha juu ya dirham, mpaka mwingine akatoa mbili akapewa. Yule masikini dirham moja akanunua chakula, nyingine akanunua shoka, akatumwa akakate kuni, baada ya siku kumi na tano akarudi ana dirham kumi. Iko kwa Abu Daud na Tirmidhi na Ibn Majah. Kuna wanazuoni wanaisemasema isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, sawa, lakini Bukhari naye ameweka mlango mzima wa biashara ya mnada na akanukuu Ataa, mwanazuoni aliyewafuata masahaba, akisema amewakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa anayezidisha. Kwa hiyo kutoka 15 mpaka 95, wewe na yaya wako mlikuwa mnafanya kitu ambacho masahaba walikifanya mbele ya Mtume, na hakuna aliyenuna.

Watu wanachanganya na hadithi nyingine iliyo sahihi kabisa, kwamba mtu asinunue juu ya ununuzi wa nduguye. Ile ni hivi: umefika soko la Kenya, umekuta mtu na mama muuza unga wameshaelewana bei, bado tu kutoa pesa, wewe unatokea nyuma unasema mama mimi naongeza. Hapo umemvunjia mwenzio kitu kilichokwisha kukaa. Kwenye mnada hakuna kilichokaa mpaka saa iishe, muuzaji mwenyewe anasema bado naita. Lakini saa ikiisha, fulani ameshinda, halafu ukamwandikia muuzaji kwa pembeni ati usimpe yule nakupa 20 zaidi, hiyo ndo imeingia ndani ya katazo, na najua inafanyika. Wale wanaovizia mpaka sekunde za mwisho ndo wabonyeze, wengi wananiuliza, jibu ni kwamba masharti ya saa yanajulikana na wote, hakuna aliyedanganywa, ni werevu tu. Na ile kuiachia mashine kikomo chako ikupandishie yenyewe, hiyo ni kama umemtuma wakili, haina neno.

Sasa turudi kwenye tope. Umesema ulipofika pale ulijua huwezi tena, makuta huna. Halafu ukabonyeza mara mbili. Kwa nini ulibonyeza? Bahasha ulikuwa huitaki tena maana hata ungeipata usingelipa, ulitaka yule aumie. Ndugu yangu hiyo ina jina katika dini yetu, inaitwa najash, na asili ya neno ni ya wawindaji, kumshtua mnyama atoke mafichoni akimbilie mtegoni. Mtume ameikataza kwa tamko la wazi, iko Bukhari iko Muslim, na katika Sahihi Bukhari yumo sahaba Ibn Abi Awfa anasema mwenye kufanya najash ni mla riba, mhaini. Mla riba! Kwa kubonyeza simu mara mbili ukiwa umelala kitandani. Wewe ulikuja kuniuliza kama kushindana ni dhambi, kumbe kushindana kulikuwa kumeisha pale 95, zile mbili za mwisho hazikuwa kushindana tena.

Utaniambia najash ni ya muuzaji na mtu wake, yule anayemwambia binamu yake nipandishie ili watu waone kitu kinagombaniwa. Hiyo ipo, tena ndo mbaya kabisa, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah katika kikao chao cha Brunei, Juni 1993, azimio namba 73, walipozungumzia mnada waliitaja aina ya kwanza ya najash ni mtu asiyetaka kununua kuzidisha bei ili amvute mwenye kutaka. Angalia maneno hayo, "asiyetaka kununua". Hawakusema lazima awe ametumwa na muuzaji. Hasira inatosha kukuingiza humo.

Kuhusu ile biashara yenyewe, kwetu sisi watu wa madhehebu ya Shafi'i imesimama, bahasha ni mali ya yaya wako, dhambi ni ya aliyepandisha. Wahanbali wanampa mnunuzi hiari ya kurudisha akiwa ameumizwa kwa bei isiyo ya kawaida, Wamaliki wanaangalia kama muuzaji alijua. Yule Mbelji wako hakujua kitu, kwa hiyo huko tuachane nako. Kilichobaki ni kati yako na mwenzio, 95 kutoa kwenye 140, dola 45 ambazo wewe ndo umemtolea mfukoni akazipeleka Ubelgiji. Toba ya haki ya mtu haiishii kwenye istighfar. Mimi naona umwendee, siyo kwenye grupu, siyo kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, umwendee nyumbani kwake, umwambie zile mbili za mwisho ni mimi na sikuwa na nia ya kununua, na hizi 45 nitakulipa hata kwa kukutengenezea simu za nyumba nzima. Akisamehe amesamehe. Na kununiana kwenu, hadithi inajulikana, muislamu hahami nduguye zaidi ya siku tatu, nyie mna mwezi.

Yeye naye, kisheria hakukukosea, kukuonyesha kitu siyo kukiweka rehani. Kiadabu ningependa akuulize kwanza, "mdogo wangu hii unaitaka?", lakini siwezi kukuandikia fatwa juu ya kitu ningependa.

Zamu sasa. Hapa musifanye haraka maana inaonekana kama upendo na ndani kuna kisu. Wamaliki wameliandika suala hili zamani, kwamba inajuzu kumuomba mmoja au baadhi wasipandishe, hata kwa kuwapa kitu, lakini haijuzu wote wakubaliane. Sababu ni kwamba wakinyamaza wote muuzaji anauza kwa bei ya kutupwa na hajui kwa nini. Fikiria mjane mzee huko Liège anauza albamu ya marehemu mume wake aliyefanya kazi Elisabethville, hajui tembre hata moja, amewaachia nyie mmwambie bei kwa kupandishiana, nyie mmekaa hapa mnakunywa chai mmegawana. Qur'ani, An-Nisaa 29, inasema tusile mali zetu kwa batili isipokuwa biashara ya kuridhiana, sasa yule ameridhia nini wakati hajui kilichopikwa? Hata Waingereza wana sheria tangu 1927 ya kuwabana wafanyabiashara wanaohongana wasipandishe mnadani.

Kwa hiyo angalieni muko wangapi. Kule Delcampe nyie watano ni tone tu, kuna Wabelji, Wafaransa, Wamarekani, mkinyamaza wanne bei itapandishwa na wengine, hapo kupeana nafasi nasema haina ubaya, na mkitaka mkachanga mkanunua kwa ushirika mkagawana baadaye ni halali tena ni nzuri. Lakini ile minada mnayofanya ndani ya grupu yenu, mtu analeta sarafu zile za ndizi na msalaba wa shaba, na wanunuzi duniani kote ni nyie wanne wengine, mkipanga zamu hapo mmemnyonga mwenzenu. Hiyo hapana. Na ukijua hilo neno KATANGA limepigwa juzi na mtu nyumbani kwake, tembre ni ya kweli chapa ni ya uongo, ukanyamaza ukauza, hiyo ni ghishi, yaani udanganyifu, na "mwenye kutughushi si katika sisi". Pia kuna tovuti za mnada zinakulipisha kila ukibonyeza, ushinde usishinde, hizo ni kamari tu, toka huko.

Kitu kingine hukukiuliza ila nimekiona kwenye maneno yako. Ulianza na 15 ukajikuta unapigania 95 ambazo huna. Minervale (karo ya shule) ya watoto imelipwa? Mtume amesema mwanadamu akiwa na mabonde mawili ya mali atatafuta la tatu, na hakuna kitakachojaza tumbo lake ila udongo, na sisi wakusanyaji (nasema sisi maana mimi nina udhaifu wangu kwa kalamu za wino, mke wangu anajua) bonde letu la tatu huwa linatokea usiku, dakika tatu kabla ya mnada kufungwa. Andika bei yako kwenye karatasi mchana, umeshiba, kabla hujafungua simu.

Dhahabu. Feza za shaba za Katanga na tembre ni bidhaa kama bidhaa nyingine, lipa leo pokea baada ya mwezi. Ile franka 5 ya dhahabu ni dhahabu, na hadithi ya Ubada bin Samit inataka dhahabu na fedha zibadilishwe mkono kwa mkono, na pesa za leo wanazuoni wengi wanazihukumu kama dhahabu na fedha zilivyokuwa. Ukilipa leo ukaipokea baada ya wiki tatu imekuwa riba ya kuchelewesha, hata kama wewe unaiita kumbukumbu ya historia. Njia ipo: yule ndugu yako wa Bruxelles umfanye wakili, aende kwa muuzaji mwenyewe, atoe pesa na achukue palepale, kupokea kwake ni kupokea kwako, baadaye ikae kwake hata miezi sita haidhuru. Na umpe ile karatasi yenye bei yako kabla hajatoka nyumbani.

Wallahu aalam.