Dogo futa hiyo "kulia 3", mimi imenila mwaka mzima

Hapana hapana hapana. Futa. Umeandika y = 2(x + 3)² − 5 halafu chini yake umeandika "nachukua y = 2x², nasogeza kulia hatua 3, nashusha hatua 5, pointi ya kugeuka ni (3, −5)" na unauliza kama uko sawa, tena unauliza utumie skeli gani kwenye karatasi ya grafu, na ukipewa parabola, yaani ule mchoro wa U, imeshachorwa hiyo 2 ya mbele unaipataje. Hayo mengine yasubiri, maana hapo kwenye kulia 3 ndipo nilipozikwa mimi. Parabola yako iko KUSHOTO, inageukia (−3, −5). Hiyo ya kushuka 5 umepatia, na mimi niliipatia pia, haikunisaidia kitu.

Form four nilikuwa najiita kipanga wa hesabu. Tulikuwa na ticha wa tuisheni, buku kwa kipindi, banda la mabati jua la saa nane, na alikuwa na wimbo wake tunaitikia darasa zima: "Jumlisha kulia! Toa kushoto! Kama mstari wa namba!" Na ubaya wa ule wimbo ni kwamba nje ya mabano unafanya kazi, ukiona −4 inashuka, ukiona +4 inapanda, kwahiyo unamwamini na ndani ya mabano. Yule bwana hela zangu alikula na sidhani kama aliwahi kuichora hata moja akaangalia inakaa wapi. Na jedwali la kupanga x na y zake alituambia ni la vilaza, kipanga anahamisha tu. Popote ulipo ticha, nakukumbuka kila nikiona mabano.

Sasa pepa ya taifa, Novemba. Swali: chora y = x² − 6x + 5, taja mhimili wa ulinganifu na thamani ndogo kabisa ya y, halafu tumia grafu yako kutafuta x pale y inapokuwa sifuri. Nikacheka kimoyomoyo. Nusu ya 6 ni 3, mraba wake 9, ukitoa 9 kwenye 5 inabaki −4, ikawa (x − 3)² − 4. Mpaka hapo safi kabisa, hata leo ningeandika hivyo hivyo. Halafu wimbo ukaanza kichwani, toa kushoto, nikaweka nukta kwenye (−3, −4) nikavuta U moja tamu sana inakata mhimili wa x kwenye −5 na −1, mhimili wa ulinganifu nikaandika x = −3. Yaani ilikuwa nzuri ungeweza kuitundika sebuleni.

Na nilihakiki! Watu wananiambiaga si ungehakiki, jamani nilihakiki. Niliweka x = 0 kwenye swali nikapata y = 5, nikaangalia grafu yangu na yenyewe inakata mhimili wa y kwenye 5, nikajipongeza. Ona mtego huo: (0 − 3)² ni 9, na (0 + 3)² nayo ni 9. Iliyo sahihi na iliyokosewa zinakutana hapo kwenye sifuri tu, kwingine kote zimeachana, na mimi katika namba zote za duniani nikachagua kuhakiki kwa hiyo moja ambayo kosa langu halionekani.

Haijaisha. Zimebaki kama dakika kumi, nikasema ngoja nitafute x bila grafu, nikagawa kwenye mabano mawili, (x − 1)(x − 5), ikatoka 1 na 5. Grafu inasema −1 na −5. Mtu mwenye akili zake hapo anachukua x = 1 anaiweka kwenye swali, 1 − 6 + 5, sifuri, kwisha habari, grafu ndiyo mbovu. Mimi nikaamini wimbo. Nikakata 1 na 5 nikaandika −1 na −5. Nilikata majibu sahihi kwa rula, ili yasionekane machafu.

Nikapata D, chuo nilichokuwa nataka kinadai C. Siwezi kuapa kwamba ni swali hilo peke yake, na la takwimu pia nililiharibu, lakini hilo ndilo nililokuwa naliota usiku. Mwaka mzima nilikuwa duka la mjomba nauza misumari na simenti nasubiri kurudia kama mtahiniwa binafsi, na mzee akalipa ada ya mtihani mara ya pili huku ananiangalia hivi bila kusema neno.

Kwahiyo achana na kulia na kushoto kabisa, usivikariri hata kwa kuvigeuza, maana ukiwa na presha utavigeuza mara mbili. Jiulize kitu kimoja tu: X GANI INAUA MABANO? Kitu kilichopigwa mraba hakishuki chini ya sifuri, kwahiyo pale mabano yanapokuwa sifuri ndipo parabola inapogeuka. Weka kwenye (x − 3)² namba 1, 2, 3, 4, 5 uone: 4, 1, 0, 1, 4. Kitako kimekaa kwenye 3. Minus imeandikwa na kitako kiko kulia, basi.

Ukitaka kuelewa kwanini iko hivyo angalia saa. Saa zetu ni saa ya kwenye simu utoe 6, simu ikiandika 07:00 sisi tunasema saa moja asubuhi. Sifuri yetu iko wapi? Kwenye 06:00 ya simu. Umetoa 6, na mwanzo umesogea mbele mpaka kwenye 6. Hilo unalijua tangu chekechea, ni tuisheni ndiyo inakusahaulisha.

Na kile cha nje nacho hakina sheria yake ya peke yake. Hamishia ile −4 upande wa y, inakuwa y + 4 = (x − 3)². Ua pande zote mbili: y ni −4, x ni 3. Swali ni lile lile moja.

Rudi kwako. x + 3 inakufa kwenye −3, na pale y inabaki −5. Usihakiki kwa sifuri tafadhali, utapata 13 kwenye iliyo sahihi na 13 kwenye hiyo yako, utafurahi kama nilivyofurahi mimi. Weka x = 1: swali linatoa 2 × 16 − 5, yaani 27. Grafu yako kwenye x = 1 inapita kwenye 3. Unaona sasa?

Umesema mock Jumatatu, na kwenye picha naona umechora kwa penseli, una bahati. Mimi ile 1 na 5 niliikata kwa peni.