Yaya wa Paris: ulizia saa kabla ya mshahara

Wadogo zangu wanaotaka kwenda kulea watoto Ufaransa huniuliza kwanza wanalipa kiasi gani. Mimi naomba waanze na saa: utaanza saa ngapi, utaachiwa saa ngapi, na hayo yameandikwa wapi?

Nimelea watoto wa wenye nazo, Neuilly na mtaa wa 16 wa Paris, na hakuna aliyewahi kunifokea. Kwenye nyumba zile shida huingia kwa upole. Mama mwenye nyumba anakwambia wewe ni wa nyumbani, anakukaribisha mezani, anakupa koti lake la mwaka jana. Baada ya muda, huyo wa nyumbani ndiye anayeombwa abaki mpaka saa tano usiku kwa sababu wamealikwa mahali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wanakupa huku wanatabasamu, na wewe unaona haya kukataa.

Kwa hiyo jua unaingia kwa mlango gani. Wengi wetu tunapitia ule wa jeune au pair, yaani kijana wa miaka 18 hadi 30 anayekaa na familia, anasoma Kifaransa na kusaidia watoto. Sheria inasema kazi isizidi saa 25 kwa wiki, upate siku nzima ya kupumzika kila wiki, chumba, chakula, na fedha ya mfukoni isiyopungua euro 320 kwa mwezi. Hizo 320 si mshahara. Familia inayotaka uamke na mtoto, umlaze, upige pasi mashati ya baba na kusugua vyoo, kisha ikupe 320, inataka mfanyakazi kwa bei ya mwanafunzi. Na viza hiyo huombwa kabla ya kusafiri. Atakayekwambia njoo kwa viza ya utalii, mengine tutayamaliza hukuhuku, muage.

Mlango wa pili ni kuajiriwa kabisa. Hapo kazi ya kutwa ni saa 40 kwa wiki. Zikizidi, saa nane za kwanza zinaongezewa asilimia 25. Kuna likizo ya wiki tano yenye malipo, na kima cha chini cha taifa, SMIC, ambacho Novemba 2024 kilipandishwa hadi euro 11.88 kwa saa kabla ya makato. Kila mwezi familia inaandikisha saa na mshahara wako kwenye Pajemploi, mfumo rasmi wa waajiri wa walezi wa watoto, na hapo ndipo hati yako ya mshahara inapotoka. Wakisema tulipane mkononi, ni rahisi zaidi, ujue ni rahisi kwao.

Pasi ya kusafiria ikae kwako, hata wakikuonyesha sefu nzuri namna gani. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya Siliadin dhidi ya Ufaransa: binti wa Togo aliyefika Paris mwaka 1994 akiwa na miaka 15, akanyang'anywa pasi, akalea watoto na kufanya kazi za ndani miaka kadhaa bila mshahara. Mahakama ilisema Ufaransa haikumlinda. Ukikwama hivyo, Paris lipo shirika la Comité contre l'esclavage moderne (Kamati dhidi ya Utumwa wa Kisasa), na namba ya simu ya polisi ni 17.

Chumba nacho kiulizie. Mara nyingi ni kile cha juu kabisa, ghorofa ya sita, unapandia ngazi za nyuma. Kinachopangishwa kinatakiwa kiwe na mita za mraba 9 au ujazo wa mita 20. Omba picha, na uulize choo kiko wapi!

Kazi yenyewe utaizoea. Jumatano ndiyo siku ndefu, maana shule nyingi za binafsi hazifungui. Saa kumi na nusu jioni watoto wanakula goûter, mkate na chokoleti au matunda, kisha hakuna kudokoadokoa mpaka chakula cha usiku. Mtoto wa miaka mitatu anatarajiwa kumsalimu muuza mkate, na wewe pia. Usiposema bonjour unaonekana huna adabu. Kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga, omba ruhusa kwanza. Dawa usimpe, hata Doliprane (paracetamol), bila wazazi kukuandikia. Kama huli nguruwe, sema mapema.

Likizo ndiyo mtihani. Agosti wanahamia baharini, Februari wanakwenda milimani kwenye theluji, na huko saa hazina mwisho. Kabla ya kufunga begi, pata ujumbe wa maandishi: nani analipa nauli, unalala wapi, siku gani ni yako. Mimi niliandika saa zangu kila jioni kwenye daftari, na mama wa nyumba alikuwa anajua lipo.

Ukiondoka kwenye ajira, wanatakiwa wakupe cheti cha kazi, hati ya France Travail (idara ya ajira ya serikali) na hesabu ya mwisho. Hiyo hesabu, hata ukishaisaini, una miezi sita ya kuipinga kwa barua ya rejista.