Jibu: Kwa nini mgodi wa fedha wa Philipsburg uligeuka wa manganizi?

Mkuu, umeuliza kama jiwe jeusi lililojaa kwenye vifusi vya Philipsburg, Montana (Marekani), ni fedha iliyooza. Hapana, ni oksaidi za manganizi, yaani metali ya manganizi iliyoungana na oksijeni.

Magma (mwamba ulioyeyuka) ilipenya mawe ya chokaa ikapoa kuwa granodioraiti, jiwe linalofanana na granaiti. Maji ya moto yakapanda kwenye nyufa, yakaacha mishipa ya kwatzi yenye fedha, na penye chokaa yakala jiwe na kuweka rodokrositi, kabonati ya manganizi yenye rangi ya waridi. Karibu na uso wa ardhi oksijeni iliigeuza kuwa pirolusiti nyeusi, mojawapo ya oksaidi hizo.

Kinu cha Hope, cha kusaga mawe ya fedha, kilijengwa 1867, lakini utajiri mkubwa ulitoka Granite, mji wa migodi mlimani juu ya Philipsburg. Mwaka 1893 bei ya fedha iliporomoka, Granite ikahamwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipobana manganizi ya kutoka nje, watu wakarudia lile jeusi. Lilifaa sana kwa betri kavu.

Kupima: pirolusiti huchafua vidole, na ikisuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa huacha mstari mweusi. Tone la hidrojeni peroksaidi ya 3% hutoa povu papo hapo. Usitumie asidi ya hidrokloriki, maana hutoa gesi ya klorini.

Fedha yaweza kujificha ndani ya oksaidi hizo, ila sayanidi, kemikali ya kuyeyushia fedha kutoka kwenye mawe, huitoa kwa shida kwa sababu manganizi huikumbatia. Bila kipimo cha maabara, rangi haikuambii kama fedha imo.