Wanataja kila kiumbe, mfumo wenyewe hawauoni

SWALI: Nafundisha Biolojia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu wanachora mtandao wa chakula vizuri tu, wanataja wazalishaji, walaji na viozeshi. Lakini nikiuliza vyura wakitoweka itakuwaje, jibu ni "nyoka watakufa njaa", basi. Kuna mtu anauza vitini vya maswali na majibu ya ikolojia, anasema ndiyo dawa. Nivinunue? (Mwalimu, Mufindi)

JIBU: Usivinunue, mwalimu mwenzangu. Vitini vya namna hiyo navikuta kwa walimu tarajali ninaowafundisha hapa Iringa. Swali la vyura limo, na jibu lake ni mstari mmoja: nyoka watakufa njaa. Utakuwa umelipia ugonjwa ambao darasa lako linao tayari.

Kinachonichosha ni imani kwamba mtoto akishajua majina ya viumbe wote, mfumo ameuelewa. Mwaka 2004 Cindy Hmelo-Silver na Merav Green Pfeffer walichapisha utafiti wao wa Marekani kuhusu jinsi watu wanavyolielewa tangi la kufugia samaki. Watoto wa shule walieleza zaidi vitu vinavyoonekana. Wataalamu walieleza pia kila kitu kinafanya kazi gani, na kwa njia gani. Walimu waliokuwa mafunzoni je? Walikaribiana na watoto. Kwa hiyo tusiwalaumu wanafunzi peke yao.

Kesho wape mchoro uleule, ila kila mshale uandikiwe kitenzi, na jibu lisipokelewe mpaka mshale mmojawapo urudi ulikoanzia. Vyura wakitoweka, panzi wanaongezeka; panzi wakiongezeka, majani yanapungua; majani yakipungua, panzi nao wanakosa chakula. Kumbe hawaongezeki milele. Na nyoka? Anayekula panya pia hafi, anawageukia panya, na huenda mahindi ghalani yakapona. Viluwiluwi nao hula mwani, kwa hiyo bwawani maji yanaweza kugeuka kijani. Hakuna kitini kitakachokuandikia hayo yote, kwa sababu jibu linategemea bwawa gani na nyoka gani.

Ukitaka mfano wa karibu, chukua vyura wa Kihansi, kule Udzungwa. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakakauka. Zikafungwa bomba za kunyunyizia maji, vyura wakaanza kuongezeka, kisha 2003 wakaporomoka ghafla. Ukagunduliwa ukungu wa kitridi unaoshambulia ngozi ya vyura, na dawa za mashambani zilizonasa kwenye tope la bwawa la umeme huo nazo zikashukiwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliorudishwa kuanzia 2012 walitokana na wale waliotunzwa Marekani. Waulize wanafunzi: nani aliwaua? Atakayejibu kwa neno moja, mrudishie daftari.

Tabia hii ya sababu moja, dawa moja haiishii darasani. Nenda Njombe msimu wa viazi. Shamba linanyauka, mkulima anakimbilia duka la pembejeo, muuzaji hata shina hajaliona anampa dawa ya ukungu: "piga hii, itakaa sawa." Kumbe ni mnyauko bakteria. Dawa ya ukungu haimgusi bakteria huyo. Amekaa kwenye udongo, amekuja na mbegu, na anasafiri na maji ya mfereji na tope la jembe mpaka shamba la jirani. Mkulima akate shina karibu na ardhi, alining'inize kwenye glasi ya maji safi, atulie dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria; fedha ya dawa aiweke kwa ajili ya mbegu safi, na shamba hilo kwa misimu kadhaa alime mahindi, asirudishe viazi wala nyanya.