Ufunguo wa siri unagoma baada ya programu kufika Play Store

Swali: Habari za kazi kaka. Natengeneza programu ya simu kwa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Wanaangalia bei, wanaagiza mzigo na kulipana humo humo. Meseji za namba ya uthibitisho zinatumalizia hela, na wenzetu wa Ukerewe mara nyingine zinawafikia muda wake umeshapita. Nikaamua kuweka ufunguo wa siri (passkey), mtu aingie kwa alama ya kidole au PIN ya simu yake bila nenosiri. Kwenye simu yangu, nikiwa nimeiunganisha na kompyuta kwa waya, ilikubali vizuri. Nilipoipandisha Play Store, kila anayeipakua anakutana na ujumbe "RP ID cannot be validated". Msimbo sijaugusa. Halafu mwenyekiti ananiuliza: simu ikitumbukia ziwani, mtu anaingiaje? Sina jibu.

Jibu: Mdogo wangu, nakubali kwamba msimbo hujaugusa. Kilichobadilika ni saini. Ulipojaribu kwa waya, programu ilisainiwa kwa ufunguo wa kusainia ulioko kwenye kompyuta yako, siyo ule wa siri wa kuingilia. Ukiipeleka Play Store, Google wanaisaini kwa ufunguo wanaoutunza wao, na kwa programu mpya huo ndio utaratibu tangu Agosti 2021. Simu ya mteja inaona cheti cha saini hiyo, ambacho kikoa chenu (anwani ya tovuti yenu, ndiyo RP ID ya ujumbe ule) hakikitambui, inakataa. Na ina haki ya kukataa, maana bila ukaguzi huo tapeli angetengeneza programu inayofanana na yenu akaomba funguo za wanachama wenu.

Orodha ya vyeti ambavyo kikoa chenu kinavitambua iko kwenye faili la assetlinks.json, ndani ya folda ya .well-known kwenye kikoa chenu. Ingia Play Console, sehemu ya kusaini programu, unakili alama ya SHA-256 ya cheti. Utakuta vyeti viwili. Wengi kwa haraka hunakili cha kupakilia. Wewe chukua kile cha kusainia programu. Kiongeze kwenye orodha ya sha256_cert_fingerprints, na cha kompyuta yako kiache tu mpaka majaribio yaishe. Angalia pia kama uhusiano wa get_login_creds (ruhusa ya programu kutumia funguo za kuingia za kikoa) umo. Kisha fungua anwani ya faili hilo kwenye kivinjari: lije moja kwa moja kwa HTTPS, aina yake application/json, bila kuelekezwa kwingine. Tovuti nyingi humhamisha mgeni kutoka kikoa kitupu kwenda chenye www, na ukaguzi unafia hapo hapo. Kama mna robots.txt (faili linaloelekeza roboti zinazosoma tovuti), isimzuie Googlebot, roboti ya Google, kulisoma.

Ukivuka hapo, kuna kikwazo cha pili upande wa seva. Programu ya Android haijitambulishi kwa anwani ya tovuti. Inatuma android:apk-key-hash: ikifuatiwa na alama ile ile ya cheti, ila safari hii imeandikwa kwa base64url, siyo zile herufi mbili mbili zilizotengwa kwa nukta pacha. Maktaba yako ya WebAuthn (kiwango kinachotumiwa na funguo hizi za siri) itaikataa mpaka uiweke kwenye orodha ya asili (origin) zinazoruhusiwa. Yote haya yapime kupitia majaribio ya ndani ya Play, kwa sababu ukirudi kwenye waya utakuwa unapima saini nyingine kabisa.

RP ID usiichague kwa pupa. Ufunguo ukishatengenezwa kwa kikoa fulani umefungwa nacho. Mkihama, wanachama wote wanaanza upya. Kama bado mko kwenye anwani ya bure ya kupewa, nunueni kikoa chenu kwanza. Kwenye user.id, yaani utambulisho wa mtumiaji ndani ya ufunguo, weka baiti za nasibu, siyo namba ya simu ya mtu. Android inakubali kuanzia toleo la 9. Kwa iPhone ni iOS 16 kwenda mbele, na faili lake ni apple-app-site-association lenye kipengele cha webcredentials.

Sasa mwenyekiti wako. Swali lake ndilo gumu kuliko lako.

Kila ufunguo ni jozi: nusu ya umma mnaihifadhi nyinyi, nusu ya faragha anabaki nayo mwanachama. Kwenye Android kwa kawaida hutunzwa na Kidhibiti cha Manenosiri cha Google na kusawazishwa na akaunti yake. Simu ikizama, ananunua nyingine, anaingia kwenye akaunti ile ile, anathibitisha kwa PIN yake ya zamani, ufunguo unarudi. Kwa maandishi ni rahisi hivyo. Lakini wangapi hapo Mwaloni wanaijua akaunti yao ya Google? Wengi walifunguliwa na muuza simu dukani, nenosiri analijua yeye, au halijui mtu. Simu mpya ikinunuliwa, inafunguliwa akaunti mpya, na ufunguo umebaki kule.

Kwa hiyo tengenezeni njia yenu ya kumrudisha mtu: afike ofisini na kitambulisho cha NIDA, athibitishe na namba yake kwa meseji, asajili ufunguo mpya, na ule wa zamani ufutwe kwenye seva siku hiyo hiyo. Mimi ningezuia pia kutoa hela kwa saa 24 baada ya hapo. Meseji ibaki kwa kazi hiyo tu. Gharama itashuka, na yule tapeli anayepiga simu akisema "nitajie namba iliyoingia" atakosa cha kutajiwa.

Jiandae na maswali ya akina mama. Watadhani kikundi kinachukua alama zao za vidole. Waambie alama haitoki kwenye simu, seva inapokea saini tu. Na vidole vilivyoshinda kwenye dagaa mbichi vikikataliwa na kisomaji, PIN ya skrini inafanya kazi ile ile. Mtandao bado utahitajika, kwa sababu seva lazima itume changamoto mpya (data ya nasibu ya kusainiwa na simu) kila mtu anapoingia, hivyo wa visiwani usiwatoe nje ya programu kila baada ya dakika kumi.

Simu ya familia ni kesi nyingine. Anayejua PIN yake anaingia mpaka kwenye malipo, kwa hiyo muulize mwanachama kama anaitumia peke yake kabla hujamtengenezea ufunguo. Akisema hapana, mwekee namba ya siri ya kulipia, tofauti na ile ya kufungulia simu.